Mapafu Si Tumbo

Mazungumzo ya leo ni juu ya sigara za kielektroniki, ambazo vijana wengi wanaziita vepu, na hasa juu ya hoja moja inayozisindikiza kila zinakouzwa. Hoja yenyewe ni hii: ndani ya kile kifaa hakuna jani linaloungua wala lami. Kuna gliserini, ile ile inayotiwa kwenye keki na dawa ya kikohozi. Kuna propilini glaikoli, ambayo viwanda vya vyakula vimeitumia miaka mingi. Kuna ladha ya embe, ya minti au ya stroberi, iliyokwisha kuruhusiwa kwenye pipi na aiskrimu. Halafu kuna nikotini kiasi. Watu wanavila vitu hivi kila siku na hawadhuriki, basi kuvivuta kutawadhuru vipi? Hoja hii inaingia akilini upesi, na ndiyo maana hata mzazi anayemkataza mwanawe sigara anaweza kuinyamazia vepu. Lakini imekosea mahali pa kuanzia. Ushahidi wake umetoka tumboni, nayo inautumia kutetea kinachofanyika mapafuni.

Chakula kinapoingia mwilini hupita vizuizi vingi. Kuna asidi ya tumbo, kuna ukuta wa utumbo unaochagua kipi kipite na kipi kitolewe, na damu inayotoka huko hupelekwa kwanza kwenye ini, ambalo huvunjavunja na kubadilisha mengi kabla hayajasambaa mwilini. Hewa haina safari ya namna hiyo. Ikishavuka koo inashuka katika mirija inayogawanyika tena na tena, ikizidi kuwa myembamba, mpaka inafika kwenye vifuko vidogo sana vya hewa ambavyo idadi yake ni mamia ya milioni. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba kupita kiasi, kwa sababu oksijeni lazima ivuke na kuingia kwenye damu ndani ya muda mfupi mno. Ulinzi upo, ila ni wa aina yake. Kwenye mirija kuna ute na vinyweleo vinavyousukuma uchafu urudi juu. Chini kabisa kuna seli walinzi zinazomeza vumbi na vijidudu. Na juu ya kila kifuko umetandazwa utando mwembamba wa mafuta na protini ambao mwili wenyewe huutengeneza, ili kifuko kisijikunje na kushikamana kila tunapotoa pumzi. Mpangilio huu umeumbwa kwa ajili ya hewa. Kitu kikiwa chakula kizuri hakijapata bado ruhusa ya kuingia humo.

Tiba inajua jambo hili kwa mifano ya zamani sana. Unga wa ngano ni chakula cha mamilioni ya watu, lakini wanaofanya kazi kwenye viwanda vya kusaga na kwenye matanuri ya mikate huweza kupata pumu kwa sababu ya kuvuta vumbi lake, na maradhi hayo yana jina lake katika vitabu vya udaktari. Samli ni kitoweo na ni tiba ya nyumbani katika jamii nyingi. Hata hivyo, kusini-magharibi mwa Saudi Arabia madaktari wa watoto walieleza habari za wachanga waliolazwa na nimonia ya mafuta, baada ya kutiwa samli mdomoni au puani kwa nguvu, nayo ikapotea njia na kuingia kwenye mapafu. Samli ile ingeliwa wasingepata neno.

Mfano ulio karibu zaidi na vepu unatoka Marekani, kwenye mji mdogo wa Jasper, jimbo la Missouri. Mwaka 2000 wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda kimoja cha bisi waligundulika kuwa na ugonjwa adimu unaozitia makovu njia ndogo za hewa na kuzibana, na usioponyeka. Baadhi yao waliingizwa kwenye orodha ya watu wanaosubiri kupandikizwa mapafu. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye mvuke wa ladha ya siagi iliyochanganywa kiwandani, na hasa kemikali iitwayo daiasetili. Wateja walikula bisi zile nyumbani bila kudhurika. Aliyeumia ni mfanyakazi aliyesimama juu ya pipa la mchanganyiko na kuvuta mvuke wake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima aina 51 za vimiminika vya vepu vyenye ladha, wakaikuta daiasetili katika 39. Lazima niseme na upande wa pili. Hakuna mgonjwa aliyethibitishwa kupata ugonjwa ule wa Jasper kwa sababu ya vepu, na nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza zimeipiga marufuku kemikali hiyo kwenye vimiminika vinavyouzwa kihalali. Anayewatisha vijana kwamba vepu moja itawapa maradhi yale anasema kitu kisicho na uthibitisho, na vijana wakishamkamata kwa hilo hawatamsikiliza kwa mengine. Funzo la Jasper ni jingine: kibali cha kula hakikumwokoa aliyevuta.

Miaka 19 baadaye funzo lile lilirudi kwa gharama kubwa. Julai 2019 madaktari wa hospitali ya watoto mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin, walitoa taarifa kuhusu vijana waliokuwa wazima, ambao ghafla walilazwa wakiwa hawawezi kupumua vizuri. Walikuwa na kikohozi, homa, maumivu ya kifua, kutapika na kupungua uzito. Kilichowaunganisha ni kwamba wote walikuwa wakivuta vepu. Kufikia Februari 2020 kituo cha kudhibiti maradhi cha Marekani, CDC, kilikuwa kimehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na vifo 68. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 24. Watafiti waliosha mapafu ya wagonjwa 51 na kuyapima maji yake, wakaikuta asetati ya vitamini E kwa 48. Katika watu 99 wazima waliopimwa kwa kulinganisha, haikuonekana hata kwa mmoja. Vitamini E ni lishe. Watu humeza vidonge vyake na kujipaka mafuta yake usoni. Wafanyabiashara wa mafuta ya bangi waliitumia kuyaongeza ujazo, kwa kuwa rangi na uzito wake vinafanana nayo.

Hapo ndipo mtetezi wa vepu huinua mkono, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema kwamba balaa lile lilikuwa la bangi ya magendo. Vepu ya kawaida ya nikotini haikuhusika. Kwa sehemu kubwa anasema kweli. Zaidi ya wanne katika kila wagonjwa watano walikiri kutumia vepu zenye kemikali ya bangi inayolevya, na wengi walikuwa wamezipata nje ya maduka rasmi. Waliodai kutumia nikotini peke yake walikuwa kama asilimia 14. Mimi siutumii ugonjwa ule kuthibitisha kwamba kila vepu inaua ndani ya wiki chache. Nautumia kuonyesha namna kosa linavyotokea. Mtu anachukua kitu kinachojulikana kuwa salama kwa njia moja, anakipasha moto, anakipitisha kwa njia nyingine, na onyo la kwanza linatoka kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Hakuna aliyepima kabla. Na tukiangalia ladha zinazouzwa leo kwenye vepu za halali, ambazo Shirika la Afya Duniani linazikadiria kuwa angalau 16,000, lazima tuulize ni ngapi kati ya hizo zilizowahi kuchunguzwa kwa njia ya kuvutwa, zikiwa moto, kwa miaka.

Neno moto ni la kuzingatia. Vepu ina betri, ina waya mdogo unaopashwa, na ina kimiminika kinachogeuka kuwa wingu la matone madogo sana. Watu huliita wingu hilo mvuke, wakawaza birika la chai. Kumbe si maji yaliyochemka. Propilini glaikoli na gliserini zikipata joto kali huanza kuvunjika na kutoa fomaldehaidi na akrolini, kemikali zinazochoma njia za hewa, ingawa kwa kawaida kwa viwango vya chini kuliko moshi wa sigara. Waya wenyewe huachia chembe za metali, zikiwemo nikeli, kromi na risasi, na watafiti wamezikuta ndani ya mvuke hata pale ambapo kimiminika kilikuwa safi kabla ya kuguswa na waya. Metali hizo hazikuandikwa kwenye kichupa, maana mtu hakuzinunua. Zimezaliwa ndani ya kifaa.

Kuna uchunguzi mmoja ambao kwangu una uzito wa pekee, uliofanywa Houston, Texas, na kuchapishwa mwaka 2019. Panya walivutishwa mvuke wa vepu kwa muda wa miezi 4, na kundi moja lilipewa mvuke wa propilini glaikoli na gliserini tu, bila nikotini na bila ladha yoyote. Mapafu yao hayakuharibika kwa namna ile ya moshi wa sigara. Lakini seli walinzi nilizozitaja zilijaa mafuta, ule utando wa mafuta na protini ulivurugika, na panya hao walipoambukizwa virusi vya mafua waliumwa vibaya kuliko wenzao. Vitu vilivyofanya hivyo ni vile viwili ambavyo wauzaji huvitaja kwanza wanapotaka kututuliza. Najua panya si binadamu, na sitawageuza kuwa binadamu. Kwa upande wa watu, uchunguzi uliowafuatilia watu wazima zaidi ya 32,000 nchini Marekani kati ya 2013 na 2016 uliona kwamba watumiaji wa vepu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa karibu asilimia 30, wa kupata maradhi sugu ya kifua, hata baada ya kuzingatia historia yao ya sigara. Waliochanganya sigara na vepu walikuwa na hali mbaya kuliko wote. Uchunguzi wa namna hii hauwezi kutenga kabisa madhara ya sigara za zamani, kwani watumiaji wengi wa vepu walianzia huko. Hata hivyo, ukiuweka pamoja na panya wa Houston, kemikali za joto na metali za waya, mwelekeo wake ni mmoja.

Sasa nifikie pingamizi lililo zito kuliko yote. Mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya England ilitangaza kwamba vepu ina madhara pungufu kwa takriban asilimia 95 ukilinganisha na sigara. Tarakimu hiyo imezunguka dunia nzima. Mwaka 2019 Waingereza walichapisha matokeo ya jaribio la wavutaji 886 waliotaka kuacha: baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, na asilimia 9.9 ya waliopewa vibandiko, ubani na dawa nyingine za nikotini. Siyapingi matokeo haya. Ile tarakimu ya 95 ilikuwa makadirio ya wataalamu, na wengi wameikosoa kwa sababu hiyo, lakini kwamba sigara ni mbaya zaidi ni jambo ambalo mtu mwadilifu hawezi kulikana. Moshi wa tumbaku una maelfu ya kemikali na unaua mamilioni ya watu kila mwaka. Mvutaji wa miaka 20 aliyeshindwa kuacha kwa njia nyingine, akahamia kwenye vepu moja kwa moja na kuitupa sigara kabisa, ameyapunguzia mapafu yake mzigo. Tusimnyime haki hiyo. Tukumbuke tu kwamba katika jaribio lile washiriki walikuwa na washauri wa kuwasaidia wiki baada ya wiki, na kwamba kati ya waliofaulu kwa vepu, wanne kwa kila watano walikuwa bado wanaivuta mwaka ulipokwisha.

Lakini je, mvutaji huyo ndiye mteja tunayemzungumzia hapa kwetu? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 nchini Kenya ulikuta asilimia 11.6 ya watu wazima wanatumia tumbaku ya aina yoyote, na ule wa Tanzania wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7. Maana yake ni kwamba karibu watu tisa kati ya kumi hawana sigara ya kuacha. Kijana wa sekondari anayenunua vepu yenye ladha ya tikiti hajiokoi na chochote. Kwake kipimo ni hewa safi aliyokuwa akiivuta jana, na kwa kipimo hicho asilimia 95 za England hazina la kumwambia. Anayezitumia kumshawishi kijana huyo amechukua jibu la swali moja na kulipachika kwenye swali jingine, kama walivyofanya waliochukua kibali cha tumbo wakakipachika kwenye mapafu. Na kijana ndiye anayelengwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2025 kwamba watoto wasiopungua milioni 15 wa umri wa miaka 13 hadi 15 wanatumia vepu duniani.

Nikotini inazidisha tatizo, kwa kuwa ndiyo inayoamua mapafu yatapokea mvuke huu mara ngapi. Zamani nikotini nyingi ilikuwa inawasha koo, na mwasho ule ulikuwa kinga ya namna yake. Mwaka 2015 kampuni ya JUUL iliingia sokoni Marekani ikiwa na nikotini iliyochanganywa na asidi ya benzoiki, ambayo hupita kooni kwa ulaini. Kimiminika chake kilikuwa na takriban miligramu 59 za nikotini kwa mililita, wakati Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa 20. Wengine wakaiga. Mtoto anayeanza kwa ajili ya ladha anashikwa na uraibu kabla koo halijamwonya, na baada ya hapo si yeye anayeamua idadi ya mivuto ya siku.

Wapo wanaosema: vepu imekuwepo tangu mfamasia wa China, Hon Lik, alipoibuni mwaka 2003, na mbona hatujaona saratani? Sigara za viwandani zilienea mno wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ushahidi wenye nguvu kwamba zinaleta saratani ya mapafu ulichapishwa mwaka 1950. Mapafu huumia polepole na hunyamaza muda mrefu. Nasi Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kutotulizwa na ukimya huo. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kijana akifika zahanati na kikohozi, homa na kupungua uzito, mhudumu atawaza kifua kikuu kwanza, na ni sawa awaze hivyo. Lakini dalili hizo ndizo zile zile za Wisconsin. Madaktari wa Milwaukee waliugundua ugonjwa kwa sababu waliuliza wagonjwa wanavuta nini. Pasipoulizwa swali hilo, ugonjwa utaandikwa kwa jina jingine. Tena zile seli walinzi zilizovurugika kwa panya wa Houston ndizo zinazopambana kwanza na vijidudu vya kifua kikuu vinapofika mapafuni. Katika nyumba ambazo mapafu tayari yanabeba moshi wa kuni na mkaa, sioni busara ya kuyaongezea jaribio jingine.

Pingamizi la mwisho ni la sheria: ukipiga marufuku, biashara itahamia uchochoroni, na uchochoroni ndiko vitamini E ilikotoka. Hili ni la kweli kiasi cha kutosha kutufanya tuwe waangalifu. Uganda ilipiga marufuku vepu kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, na Oman nayo imekataza biashara yake, ila marufuku bila ukaguzi wa mipakani na madukani hubaki kwenye karatasi. Hata hivyo, aliye na hofu ya uchochoro asitumie hofu hiyo kutetea soko lisilo na kanuni yoyote. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilihesabu nchi 74 zisizo na kanuni kabisa juu ya bidhaa hizi, na 88 zisizoweka umri wa chini wa mnunuzi. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku, ya mwaka 2007, na ile ya Tanzania, ya mwaka 2003, ziliandikwa vepu haijaingia madukani kwetu. Hata Uingereza, iliyoikumbatia vepu kama njia ya kuacha sigara, ilipiga marufuku zile za kutumia na kutupa kuanzia Juni 1, 2025, na mojawapo ya sababu ilikuwa watoto.

Ninachotaka kwa wabunge wetu ni kanuni moja iliyo wazi: anayetaka kuuza kitu kivutwe, alete ushahidi wa kuvutwa. Asituletee cheti cha pipi. Marekani tangu 2016 inamdai mtengenezaji athibitishe kwamba bidhaa yake inafaa kwa afya ya umma, na maombi mengi sana ya vepu za ladha yamekataliwa kwa sababu ushahidi haukutosha. Nasi hatuna sababu ya kudai pungufu. Pamoja na hilo viwekwe ukomo wa nikotini, umri wa mnunuzi, na katazo la ladha zinazowavuta watoto.

Na wewe kijana unayenisikiliza, ikiwa huvuti sigara, usianze vepu. Ikiwa unavuta sigara na unataka kuacha, nenda kituo cha afya ukaulize njia zilizopo, na ukichagua vepu, acha sigara kabisa, usizichanganye. Ukiwa tayari unaivuta vepu na ukaanza kukohoa, kubanwa kifua au kuishiwa pumzi, mweleze daktari waziwazi unavuta nini, hata mzazi akiwepo chumbani. Nawe mganga, muuguzi au mhudumu wa zahanati, anapokuja kijana mwenye kifua, mpime kifua kikuu kama kawaida, kisha umuulize kuhusu vepu, na uandike jibu lake kwenye kadi.